Siku nzima kwenye tamasha la vichekesho Kampala: mchana ulilipa, usiku ulitupunja

Kama unafikiria kwenda kwenye tamasha la vichekesho hapa Kampala na fedha yako ni ya mawazo, nunua tiketi ya mchana, usiku kalale. Nalisema mapema kwa ajili ya wasomaji wenye haraka. Wengine tukae kitako, maana siku ilikuwa ndefu na nina mengi ya kusifu kabla sijaanza kulalamika.

Tiketi yetu ilikuwa ya siku nzima: shilingi 80,000 kwa kila kichwa, kumbi tatu na uwanja wa wazi, kuanzia saa sita mchana hadi usiku wa manane. Mchana peke yake ilikuwa 30,000. Meza ya watu kumi mbele ya jukwaa kubwa, kwa wenye nazo, milioni mbili. Nililipa kwa pesa ya simu, ujumbe wa tiketi ukaingia papo hapo, na mlangoni wakatufunga bangili za karatasi bila msukumano wowote. Upande huo sina neno. Waandaaji siwataji, wenyewe wanajijua.

Nilikwenda na wifi yangu, mke wa kaka, aliyekuja kututembelea kutoka Bukoba kwa basi la Mutukula. Wifi ni mpenzi wa vichekesho tangu enzi za King Majuto, na siku hizi hakosi kipande cha Cheka Tu kwenye simu. Mimi ni mtoto wa barakisi. Baba alikuwa polisi, kwetu Arua, nikakulia Nsambya ambako Kiswahili ndicho kilichotulea sote: Mwacholi, Mteso, Mlugbara na Msamia, mlango kwa mlango. Kiganda nilijifunzia sokoni. Nayaeleza haya kwa sababu vichekesho vya Uganda vinakwenda kwa lugha nyingi kwa mpigo, na anayesema kaburudika au hakuburudika yafaa aseme kwanza alikuwa anaelewa nini.

Onyesho la saa sita lilikuwa la watoto. Mtu mwenye suruali pana alianguka, akainuka, akaanguka tena. Watoto walifurahi. Tuendelee.

Ukumbi wa pili ndio ninaotaka kuuzungumzia. Ulikuwa chumba cha juu cha mgahawa mmoja huko Kamwokya, viti vya plastiki vimepangwa hadi mlangoni, jukwaa lenyewe ni kama hatua mbili tu kutoka sakafuni. Ukikaa mstari wa pili unamwona mchekeshaji anavyomeza mate kabla ya kusema neno la kwanza. Hapo wanapewa nafasi chipukizi, dakika kumi kila mmoja, na mshereheshaji alikuwa na saa mkononi na hakumwonea mtu huruma. Walianza kwa wakati. Kwa Kampala hilo peke yake linastahili nyota moja.

Wa kwanza alitoka upande wa Mbale. Ninyi mlio mbali mjue kwamba Wamasaaba hutahiri vijana wao kwa ngoma na shamrashamra za imbalu katika miaka ya shufwa, na wanaume wa huko hutaniwa kwa hilo kila walipo. Utani wenyewe umechakaa; kila mchekeshaji wa Uganda ameshaupitia. Huyu aliuchukua kwa upande mwingine. Alisema yeye katika miaka ya witiri ni mtu mwema sana, anapokea simu za wajomba, anatuma pesa ya sukari, anahudhuria misiba yote. Ikifika Desemba anaanza kupoteza namba za watu. Ikifika Januari ana laini mpya. Akasimulia mjomba alivyompata kwa kumpigia mwenye nyumba wake. Alisimulia bila kucheka, kama mtu anayetoa maelezo kituoni, na chumba kizima kikawa kinapiga viti.

Kisha akapanda kijana mwembamba, shati kalichomeka, akashika maiki na kuanza kwa Kiswahili. Chumba kikanyamaza. Si ukimya wa heshima, ni ule wa watu kutazamana. Akautazama ukimya ule kidogo, kisha akasema, "Tulieni. Sijaja kumkamata mtu."

Jamani! Nilimshika wifi bega. Yeye alikuwa ananitazama, hajui watu wanachochekea. Ikabidi nimnong'oneze kwamba hapa Kampala Kiswahili kwa watu wengi ni sauti ya afande. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee walioishi miaka ile walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, wakiulizwa kitambulisho na wanakotoka. Kwenye maigizo ya Kampala, mhusika akiongea Kiswahili ujue ni askari au ni jambazi. Leo shule zimeambiwa zifundishe, baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022, lakini sikio la mji halijapoa. Kijana yule aliyajua yote hayo, na kwa maneno manne aliyatoa nje.

Halafu akatupeleka barakisi. Kama hujawahi kuona, polisi wengi wa Uganda wameishi kwenye unipoti, vijumba vya duara vya bati, joto la mchana humo usiulize. Kijana akasema, "Nyumba yetu haikuwa na kona. Baba akirudi amelewa, anashika ukuta atafute mlango wa kwenda kulala. Anazunguka. Anatupita sisi watoto tumekaa kwenye mkeka. Anasema, 'Hamjambo.' Tunasema, 'Hatujambo, baba, shikamoo.' Anazunguka. Anatupita tena. 'Hamjambo.' Raundi ya tatu akamwambia mama, 'Mtaa huu una watoto wengi, wazazi wao wako wapi?'"

Hapo sikuwa na mbavu tena. Alikuwa anazunguka jukwaani kiganja kikiwa juu, kinapapasa bati lisilokuwapo, na kila akimaliza duara uso wake unakuwa mgeni kabisa, kama anatuona kwa mara ya kwanza. Wifi naye hakuhitaji mkalimani. Nyuma yetu kulikuwa na wazee wawili, nadhani nao wa barakisi, mmoja wao akawa anamalizia mistari kabla kijana hajafika. Dakika kumi zikaisha, mshereheshaji akanyanyua mkono, watu wakapiga kelele aongezewe. Hakuongezewa. Sawa, sheria ni sheria, ila nilinuna.

Aliyefuata alikuwa dada kutoka milima ya Kigezi. Tangu Anne Kansiime wa Kabale alipoteka YouTube kwa ule ukali wake wa uso mkavu, kila binti wa huko akipanda jukwaani watu wanasubiri akunje uso na kugomba. Huyu hakugomba. Aliongea taratibu kuhusu kuozwa kwa mtu wa tambarare, na kwamba mwezi wa kwanza alikuwa hawezi kulala kwa sababu kitanda kimenyooka. Kimombo chake alikichanganya na Rukiga kwa wingi, na hapa ndipo wifi aliponishangaza. Mhaya na Mkiga wanasikilizana lugha zao vizuri kuliko mimi ninavyomsikia yeyote kati yao. Wifi alikuwa anacheka sekunde mbili kabla yangu, halafu ananigeukia na kunieleza kwa huruma. Kwenye ukumbi wa Kampala, Mtanzania ndiye mwenyeji na Mganda wa Arua ndiye mgeni!

Saa kumi na moja tukashuka mjini kwenye Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, ule uliofunguliwa mwaka 1959, jirani na Bunge. Mtu akitaka kujua vichekesho vya Kampala vimetoka wapi, aanzie humo. Kabla ya hawa vijana wa maiki moja, mji huu ulikuwa wa vikundi: Bakayimbira, Ebonies, tamthilia ndefu za Kiganda zenye mama mkwe, mchungaji mwongo na mzee mwenye mali. Baadaye Fun Factory wakaushika ukumbi huo kwa vipande vifupi kila Alhamisi usiku, na watu wa ofisini wakawa wanapitia hapo kabla ya kurudi nyumbani.

Onyesho letu lilifuata njia hiyo ya vikundi. Igizo la familia inayogombania kiwanja, karibu lote kwa Kiganda. Viti ni vya kukunja, vizuri kwa mgongo, sauti inafika hata bila maiki. Waigizaji walikuwa wakongwe, na mkongwe humjui kwa maneno yake bali kwa anavyosubiri. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kazi yake nzima ilikuwa kukaa kwenye mkeka na kumenya matoke wakati wanawe wanapigana kwa ajili ya hati. Kila wakitaja bei ya kiwanja, kisu kinasimama. Wakishuka bei, kisu kinaendelea. Hakutamka neno hadi karibu na mwisho. Wifi aliniuliza mara chache, "Wanasema nini hawa?" kisha akaacha kuuliza, macho yako kwenye kile kisu. Lilivuta mno katikati, ningekata nusu saa ya wimbo na mahubiri, lakini ningerudi hata kesho.

Nyuma ya ukumbi kuna soko la kazi za mikono. Wifi alinunua kikapu, mimi nikatoka nje ya geti kutafuta rolex, yaani chapati ya mayai mawili, kabichi na nyanya, ikakunjwa moto moto kwenye gazeti. Kuleni hapo. Nitaeleza kwa nini.

Usiku sasa.

Uwanja wa wazi, jukwaa la mataa, tangazo lilisema saa moja kamili. Saa moja mafundi walikuwa wanapanda ngazi kufunga taa. Saa mbili walikuwa wanajaribu spika, "cheki, cheki." Saa tatu wakatuwekea muziki. Mchekeshaji wa kwanza alipanda saa tatu na nusu imeshapita, na hakuna aliyeomba radhi. Chakula kilikuwa cha kibanda kimoja, sahani ya muchomo, yaani nyama choma, na chipsi 40,000, foleni yake kama ya benki siku ya mishahara. Maji ya kunywa chupa ndogo 5,000, na mlangoni walikuwa wamezinyang'anya zetu.

Halafu mpangilio. Zile meza za milioni mbili zilipangwa kati ya jukwaa na sisi wa viti vya kawaida, zikala theluthi ya uwanja, na nyingi zilikuwa tupu hadi saa nne. Kwa hiyo mchekeshaji anaongea na vitambaa vyeupe, sisi tunacheka kwa mbali, kicheko chetu kinamfikia kimechelewa. Kichekesho hakivumilii umbali. Muziki utaupenda hata ukiwa umeketi juu ya mti, lakini huyu anahitaji kukuona umeshtuka ndipo apige la pili. Skrini kubwa ziliwekwa, kweli, ila picha ilikuwa nyuma ya sauti, ukitazama unaona mtu anacheka kichekesho kilichopita.

Na vichekesho vyenyewe vilikuwa haba. Walileta wanamuziki, wakaimba juu ya sauti iliyorekodiwa, watu wakasimama wakacheza. Sina ugomvi na muziki, huo ndio mtindo wa maonyesho makubwa ya hapa siku hizi na wapo wanaoupenda. Ila tangazo lilisema vichekesho. Mchekeshaji anapewa dakika saba katikati ya nyimbo, anapanda anahema kwa sababu ametoka kwenye onyesho lingine upande wa pili wa mji, anamwaga utani wake uliozoeleka wa makabila (Mnyankole na maziwa, Mganda na kujidai) kisha huyo, boda inamsubiri. Yule wa Mbale naye alipanda, na simulizi ileile ya mchana. Mchana ilitubomoa. Usiku, akiwa peke yake mbele ya meza tupu, aliifupisha, akairuka sehemu ya mwenye nyumba, akashuka. Nilimwonea huruma.

Aliyeuokoa usiku kidogo ni mmoja aliyegusa siasa. Kwenye hili wachekeshaji wa Uganda wanatembea juu ya kamba. Teacher Mpamire amejijengea jina kwa kuiga sauti ya Rais Museveni na watu wanacheka, lakini wachekeshaji wa kikundi cha Bizonto walikamatwa Julai 2020 kwa igizo lililoorodhesha viongozi wa juu serikalini na kuonyesha wengi wanatoka upande mmoja wa nchi. Kwa hiyo huyu wa usiku hakumtaja mtu. Alisimulia tu mkutano wa familia ambapo babu ameshika rimoti ya televisheni, na wajukuu wana wajukuu, na kila akisinzia wanainuka taratibu kuichukua, anafumbua jicho moja na kusema, "Ninaangalia." Uwanja mzima ulimwelewa, hadi wahudumu wakaacha trei. Saba zake zilikuwa dakika bora za usiku ule.

Tuliondoka kabla ya kufungwa rasmi, nyota mkuu wa tangazo akiwa hajafika bado. Jirani yangu aliyebaki aliniambia kesho yake kwamba alipanda saa saba usiku na kukaa robo saa.

Nikigawa nyota: Kamwokya tano, Ukumbi wa Taifa nne, usiku mbili, moja ni ya babu wa rimoti. Kama mtakwenda mwakani, mchana fikeni mapema mpate mistari ya mbele, chukueni koti kwa sababu ukumbi wa mjini una ubaridi, na wenye wageni wasiojua Kiganda wasiogope, waanze na chumba kidogo. Kwa usafiri, usikubali boda za getini baada ya saa tano usiku. Safari ya 5,000 walituambia 20,000, eti kuna hatari. Tulitembea hadi barabara kuu, tukaita nyingine kwa programu ya simu, ikatufikisha Nsambya kwa 7,000, wifi na kikapu chake katikati.