Uzoefu wangu: bastola ya chuma miaka 12, ya plastiki miaka miwili, hapa Tabora

Doa la kutu lenye ukubwa wa punje ya mtama ndilo lililonifanya nianze kufikiria kubadilisha bastola. Nililiona asubuhi moja ya mwezi Januari, upande wa kulia wa silaha, mahali ambapo ubavu wangu huigusa, ingawa nilikuwa nimeipaka mafuta siku tatu tu kabla ya hapo.

Ninanunua asali kwa wafugaji wa nyuki wa upande wa Sikonge na kuileta Tabora mjini. Siku hizi malipo mengi hupita kwenye simu, lakini huko ndani ya miombo, ambako mtandao hupotea kabla hujaona mzinga wa kwanza, mtu anataka noti mkononi, na kwa hiyo ninasafiri na fedha taslimu. Ndiyo sababu niliyoitoa nilipoomba leseni, na ndiyo sababu pekee ya mimi kubeba silaha. Katika miaka yote hii sijawahi kuichomoa mbele ya mtu. Ninasema hivyo mapema ili msomaji ajue kwamba ninapima kitu ambacho kazi yake, kwa upande wangu, ni kubebwa kutwa nzima kwenye pikipiki, kutunzwa usiku, na kufyatuliwa kwenye uwanja wa shabaha mara chache kwa mwaka.

Ile ya kwanza ilikuwa Browning Hi-Power, iliyotengenezwa na FN, kiwanda cha silaha cha Ubelgiji. John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, aliianza na kufariki mwaka 1926 kabla haijakamilika, Dieudonné Saive wa FN akaimalizia, ikatoka mwaka 1935 ikiwa na magazini, yaani kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini, ya risasi 13, jambo lililokuwa kubwa kwa wakati huo. Niliipata kwa mzee mmoja aliyestaafu, kwa kufuata taratibu zote za polisi, kwa sababu silaha haihami mkono kwa mkono kama baiskeli. Ni chuma kitupu kutoka juu hadi chini isipokuwa vibao vya mpini, na uzito wake unakaribia kilo moja kabla hujaweka risasi.

Uzito huo una faida ambayo mtu huigundua anapofyatua. Teke lake ni la upole, mtutu haurushwi juu sana, na unarudi kwenye shabaha wenyewe kana kwamba umezoea njia. Nilikuwa nikipiga vizuri kwa Hi-Power kuliko nilivyostahili. Kero yake uwanjani ni nyundo, yaani kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi ilipuke: mwenye mkono mnene kama wangu akishika juu sana, nyundo ikirudi nyuma humfinya ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, na mimi nilibeba kovu dogo hapo kwa muda mrefu. Kero ya barabarani ni nzito zaidi. Kilo moja kiunoni haihisiwi asubuhi, lakini ukishapita makorongo na vumbi mpaka saa tisa alasiri, mkanda unakuwa umekukata na shati limelowa jasho lenye chumvi, na chumvi hiyo ndiyo adui wa chuma cha zamani. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zinapokuwa zimeshika, nililazimika kuifuta kila jioni. Ongeza na vidole vyenye asali, ambayo haifutiki kwa kitambaa kikavu na hukusanya vumbi kama gundi, utaelewa kwa nini mke wangu alikuwa akisema nimeoa mwingine.

Nilipopata kibali cha kubadilisha, nilichukua Glock 19. Kampuni ya Glock ni ya Austria, na bastola yake ya kwanza ilipokelewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982, ingawa Wajerumani wa Heckler & Koch walikuwa wameshatengeneza bastola yenye mwili wa plastiki mwaka 1970. Watu wengi hapa mjini wakisikia plastiki wanafikiria ndoo, na jirani yangu mmoja aliniuliza kwa dhati kama haitayeyuka Oktoba. Haiyeyuki. Kilicho cha plastiki ni mwili wa chini pamoja na mpini, tena plastiki ngumu ya jamii ya nailoni. Mtutu ni chuma, na slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, nayo ni chuma kilichotibiwa ili kiwe kigumu na kisishikwe na kutu upesi. Hata ndani ya huo mwili wa plastiki kumefungwa vipande vya chuma ambavyo slaidi hutelezea juu yake. Kwa hiyo ile hadithi kwamba bastola hizi hupita kwenye mashine za ukaguzi bila kuonekana ni porojo.

Pamoja na magazini tupu ina gramu 670 hivi, na inabeba risasi 15. Kwa mtu wa safari, tofauti hiyo ya uzito ndiyo hoja nzima. Misimu miwili ya mvua imepita na sijaona doa. Ninaisafisha mara moja kwa wiki, si kila jioni, na ninadhani ningeweza kuwa mvivu zaidi, ila sitaki kujaribu. Teke lake ni kali kidogo kuliko la Hi-Power kwa kuwa ni nyepesi, na shabaha zangu za mwezi wa kwanza zilikuwa za aibu.

Hata hivyo, jambo lililonishtua halikuwa teke. Hi-Power ya kwangu ilikuwa haifyatuki magazini ikishatolewa. Imetengenezwa hivyo makusudi. Kwa miaka 12 kichwa changu kilijifunza kwamba bastola isiyo na magazini imekufa. Glock haina kizuizi hicho, haina nyundo ya nje ya kukuonyesha kwa jicho kama imekokiwa, wala haina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa gumba. Tena, ili uifungue kwa kuisafisha, ni lazima kwanza uvute kifyatulio. Siku ya pili uwanjani mwalimu, askari mstaafu, aliniambia niifungue. Nikatoa magazini, nikaelekeza mtutu kwenye tuta la udongo kama alivyokuwa amesisitiza tangu asubuhi, nikavuta. Risasi ikatoka. Vumbi lilipotulia hakupaza sauti. Alinyoosha mkono akashika slaidi, akairudisha nyuma taratibu, akanionyesha chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. "Mzee," akasema, "ulitoa magazini, hukutoa risasi."

Baada ya hapo alinifanyisha zoezi lile lile mara 50 kwa bastola tupu: toa magazini, rudisha slaidi nyuma, tazama chemba, ingiza ncha ya kidole uhakikishe, ndipo uguse kifyatulio. Kwa anayeanza upya, ambaye hana mazoea ya kusahau, ningempa ya plastiki bila kusita. Kwa mwenye ya chuma anayetaka kuhama, nasema ahame, lakini atenge fedha za mwalimu pamoja na fedha za bastola, kwa sababu ya zamani humlea mtu namna fulani na hiyo mpya haijui malezi hayo. Mwenye kupenda shabaha tu, asiyesafiri, abaki na chuma chake. Akumbuke lakini kwamba FN ilisimamisha ile Hi-Power ya asili mwaka 2018, na mimi mwenyewe nilisubiri springi ya magazini miezi minne.

Limebaki suala la ala. Ile ya zamani nilishonewa na fundi viatu sokoni kwa ngozi ya ng'ombe, na ilikuwa imelainika hadi mdomo wake ukawa unakunjikia ndani. Kwa bastola yenye kifyatulio kinachohitaji nguvu ya kilo mbili na nusu tu, pindo kama hilo linaweza kufanya kazi ya kidole. Nilinunua ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Ile ya ngozi sasa hubeba kisu cha kukatia masega.