Giant-Size X-Men namba 1: nakala ya 1975 au chapa mpya?

Ubishi huu hauishi. Toleo hili la kitabu cha katuni, la mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, ndilo lililomtoa shujaa Storm nchini Kenya, alikokuwa akiabudiwa kwa kuleta mvua, na kumwingiza katika kikosi cha mashujaa cha X-Men pamoja na wenzake wapya Nightcrawler na Colossus.

Bei haina mjadala. Mwaka 1975 liliuzwa senti 50 za Marekani; leo nakala safi ni maelfu ya dola. Chapa mpya haikufilisi.

Kwenye rangi ndipo penye utamu. Karatasi ya gazeti ya nakala ya 1975 hufyonza wino, nukta za rangi zikalainika. Rangi zilezile kwenye karatasi ya kung'aa huchoma macho. Hapo ya zamani inashinda, tena kwa mbali.

Utunzaji? Karatasi ile ina asidi: hugeuka manjano, kingo zikamomonyoka. Itie kwenye mfuko wa Mylar (plastiki angavu) wenye kadibodi isiyo na asidi, isimame wima, mbali na jua. Unyevu wa Mombasa au Dar huiletea ukungu upesi.

Unayesoma kitandani na kuazimisha marafiki, chukua chapa mpya. Mkusanyaji mwenye kabati kavu atafute ya zamani, ila akague mgongo na ahesabu kurasa kabla ya kulipa.