Product Hunt kwa mwanafunzi mwenye tovuti changa: wakosoaji wengi, wateja wachache

Product Hunt, tovuti ambamo bidhaa mpya za kidijitali huonyeshwa na kushindania kura za wageni kila siku, ilianzishwa na Ryan Hoover mwaka 2013, mwanzoni ikiwa orodha ya barua pepe tu, kisha AngelList, kampuni inayokutanisha kampuni changa na wawekezaji, wakainunua mwaka 2016. Kuweka bidhaa humo ni bure, ndiyo maana mwanafunzi asiye na fedha za matangazo huikimbilia akitarajia wateja. Lakini wanaoshinda humo kutwa ni watengenezaji wa programu, wawekezaji na wapenzi wa kujaribu vitu vipya. Kama tovuti yako ni kifaa cha wabunifu au waandishi wa msimbo, umefika. Kama inawasaidia wanafunzi kuuziana vitabu vilivyotumika, utapata pongezi na maswali makali, ila wenye vitabu vya kuuza hutawaona.

Siku ya mashindano huanza saa sita usiku na dakika moja kwa saa za Pasifiki za Marekani, yaani 08:01 UTC (saa za kimataifa), au 07:01 UTC kipindi ambacho wao husogeza saa mbele. Panga uzinduzi mapema ujichapishe wenyewe muda huo. Anayechelewa hukuta wenzake wameshapanda, na walio juu huzidi kuonekana kwa sababu tu wako juu. Jumanne hadi Alhamisi wageni ni wengi, lakini unapambana na kampuni zenye timu nzima ya masoko. Kwa mwanafunzi wikendi inafaa zaidi: wapinzani hupungua, na hakuna kipindi cha kukuondoa kwenye maswali ya watu.

Kaulimbiu ina nafasi ya herufi 60. Taja kazi inayofanyika. “Panga zamu za kikundi bila kujisajili” inaeleweka; “Mustakabali wa ushirikiano” haimwambii mtu kitu. Picha za maelezo zitengenezwe kwa pikseli 1270 kwa 760, na ya kwanza ionyeshe skrini halisi ya tovuti, si nembo.

Kwenye kura ndiko wengi huharibu. Kuomba kura ni kinyume cha kanuni, na nafasi haipangwi kwa idadi ya kura pekee. Darasa zima likifungua akaunti mpya asubuhi ileile na kupiga kura kupitia mtandao mmoja wa chuo, usishangae kura hizo zisipokusogeza popote. Waombe watu waijaribu tovuti na waseme ukweli. Hilo linaruhusiwa, tena maoni yao yana faida kuliko kura.

Kinachoangusha uzinduzi mara nyingi si seva, ni barua ya kuthibitisha akaunti. Bila rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli, kwenye kikoa chako (jina la tovuti yako), barua huweza kuishia kwenye folda ya taka na mgeni harudi tena. Ukituma kupitia akaunti ya kawaida ya Gmail, kikomo ni wapokeaji 500 kwa siku. Ukikifikia, waliobaki hawapati kitu, nawe utadhani hawakupendezwa. Usitegemee anwani ya barua pepe ya chuo pia, maana ukihitimu inaweza kufungwa pamoja na akaunti zote ulizofungulia humo. Bora zaidi, mgeni aonje kazi yenyewe kabla ya kudaiwa anwani yake.

Wanaotoka Product Hunt huja na alama ya ref=producthunt kwenye kiungo, kwa hiyo ni rahisi kuwatenga kwenye takwimu. Usihesabu waliofika siku ile, hesabu waliorudi wiki iliyofuata. Idadi hiyo huwa ndogo kiasi cha kuudhi, lakini ndiyo ya kufanyia kazi: waandikie hao mmoja mmoja.

Show HN, sehemu ya kuonyesha ulichotengeneza kwenye Hacker News, jukwaa la habari na mijadala ya teknolojia, nayo ni bure, na kwa chombo cha kiufundi ningeiweka mbele. Sharti lake ni kitu ambacho watu wanaweza kukijaribu. Ukurasa wa kukusanya anwani za barua pepe haukubaliki.