Huduma ya kufunga umwagiliaji wa matone katika bustani za maua za barabarani, Tanga

Kamati ya mazingira ya mtaa wetu iliwaita mafundi wa kampuni moja ya hapa mjini wafunge umwagiliaji wa matone, yaani mipira ya maji yenye matundu yanayodondoshea mimea maji kidogo kidogo, katika bustani za maua zilizo kando ya barabara iendayo Raskazone. Baada ya kiangazi kizima, kutoka vuli kuisha hadi masika kuanza, naweza kusema kazi yao ni nzuri, ingawa ina upungufu mmoja usiofaa kunyamaziwa.

Kilichonipa imani ni kwamba hawakukimbilia kutandaza mipira, bali walianza na hesabu ya maji. Bustani ya mita 20 yenye mistari mitatu ya mpira wa milimita 16, wenye tundu kila sentimita 30, ina matundu yapatayo 200; kila tundu likitoa lita 2 kwa saa, bustani inahitaji lita 400 kwa saa, na tangi la lita 1,000 huimwagilia kwa saa mbili na nusu. Lakini kiwango hicho hupatikana maji yakiwa na msukumo wa tangi lililoinuliwa mita 10 hivi. Letu limeinuliwa mita 3, nao walitueleza bila kuficha kwamba tutapata takriban nusu tu, kwa hiyo koki iachwe wazi kwa muda mrefu zaidi. Nawashukuru kwa ukweli huo, kwani wangeweza kabisa kutuuzia mota ya kusukuma maji tusiyoihitaji.

Chujio limefungwa mahali panapofikika, na kila mwisho wa mstari una kizibo cha kufungua ili uchafu utoke. Katika udongo wetu wa kichanga maji huzama chini upesi kabla ya kusambaa pembeni, hivyo matundu yaliyokaribiana yanafaa. Matandazo ya makumbi ya nazi nayo yamesaidia sana: bogenvilia hazikunyauka, na magugu ni machache kwa kuwa nafasi kati ya mistari hubaki kavu.

Upungufu ni kwamba mipira imefukiwa bila ramani wala alama, na wapaliliaji hawakuelezwa ilipopita. Majembe yameikata mara kadhaa, na kwa kuwa hatukuachiwa viungio vya akiba, kila mkato ulimsubiri fundi huku maji yakimwagika barabarani kila koki ilipofunguliwa. Anayetaka huduma hii kwa bustani ya umma, inayopitiwa na mikono mingi, adai katika mkataba mchoro wa mipira, viungio vya akiba na mafunzo ya mtunza bustani, na azuie malipo ya mwisho mpaka avipate.