Deki ya CD ya bei ya kiwanja, na kijana aliyemtaka "mzee"

Naanza na hukumu ili wenye haraka waende zao: msinunue. Nina maana duka lile, si deki. Au tuseme deki pia, mpaka mtakapomaliza kusoma.

Jina la deki silitaji, la duka silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua. Ni ile aina inayosoma CD za kawaida na SACD, yaani zile diski za sauti ya ubora wa juu kuliko CD, bati zito, ukiinyanyua peke yako kiuno kinakudai. Sifa zake nyingine zipo kwenye kipeperushi, sina haja ya kuzinakili. Kwa pesa ile ningepata kiwanja Chanika. Sikununua kiwanja kwa sababu mimi ni mtu wa taarab asilia, na nilitaka ganuni inapopigwa peke yake, kabla fidla hazijaingia, nisikie kila uzi.

Nikasikia mota.

Spika zilikuwa safi kabisa. Mlio ulitoka kwenye sanduku lenyewe, mvumo mwembamba wenye mkwaruzo ndani yake, unaanza pale diski inapoanza kuzunguka na kukaa hapohapo. Nikazima amplifaya, deki nikaiacha iendelee. Mvumo upo. Basi hapo habari ya nyaya na spika imekwisha. Kinachopiga kelele ni chuma au mpira. Nikasimamisha diski, deki ikabaki imewashwa tu: kimya. Ingekuwa transfoma inanguruma, ingenguruma hata diski ikiwa imelala.

Nikabadilisha diski. Zile za kunakili za miaka ile, zenye karatasi iliyobandikwa juu, zilitetemesha hadi meza. Hizo sizihesabu, karatasi ikikaa upande diski inakosa mizani na deki yoyote italalamika. Lakini hata za kiwandani, zisizo na doa, zilivuma. Kilichonipa uhakika ni kwamba wimbo wa kwanza ndio uliokuwa mbaya, wa mwisho unasikilizika. CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, na ili data ipite mbele ya lenzi kwa kasi ileile, mota huzungusha kama mara 500 kwa dakika mwanzoni, na ikifika ukingoni imeshuka hadi 200 hivi. Mvumo wangu nao ulishuka taratibu, kama daladala inayokaribia kituo. Nilipoweka SACD aliyoniletea binti yangu kutoka Ujerumani, ambazo huzungushwa kwa kasi zaidi, ukapanda juu tena.

Haya yote niliyaandika kwenye karatasi, nikapanda bajaji na deki nimeipakata, mpaka dukani.

Kijana wa kaunta ya huduma karatasi hakuigusa. Alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu anakuja, kisha akasema: "Mama, mzee yuko wapi? Aje yeye tumwelekeze namna ya kuitumia."

Naomba mlisome tena hilo. Risiti ya EFD ina jina langu. Mzee gani? Mzee wangu, Mungu amrehemu, hata betri za rimoti nilimbadilishia mimi. Redio zote za nyumba ile zilifunguliwa kwa mikono hii.

Nikamwambia mzee unayemtaka ndiye huyu. Akacheka. Akaichomeka deki palepale, kati ya feni na friji ya soda, akaweka diski yake ya bongo fleva, akapandisha sauti hadi vioo vya kabati vikatikisika. "Unasikia kelele yoyote, mama?" Ndiyo, nasikia yako. Nikamwomba anyamazishe spika asikilize sanduku. Akasema deki zote zinavuma, hiyo ni kawaida, hajawahi kuletewa lalamiko la namna hii, na tena eti "masikio ya watu wazima saa nyingine yanajisikilizia mambo." Watu wazima! Na shikamoo yenyewe hakuitoa.

Nusu ya aliyosema ni kweli, na hiyo ndiyo inayonichoma zaidi. Kila deki ina kajisauti kake. Lenzi haitulii, inacheza muda wote kuifuata diski, na ukibandika sikio kwenye bati utasikia kitu kama msonyo. Trei ikiingia, gia zinasikika. Kwa deki ya bei ya kawaida nisingefungua mdomo. Lakini mvumo unaonifuata mpaka kwenye kochi na kukaa juu ya ganuni, huo usiniambie niuzoee.

Waliichukua "kuichunguza". Ikakaa huko sijui wiki ngapi, kila nikipiga simu ni kesho mama, kesho mama. Ilirudi inavuma vilevile, na vumbi juu.

Ndipo nikaipeleka kwa fundi redio mmoja Kariakoo, mtu mwenye kibanda cha kugeukia kwa shida. Kabla hata hajagusa bisibisi akauliza: "Dada, inavuma zaidi mwanzo wa diski au mwisho?" Nilitamani nimkumbatie.

Akafungua bati. Kibanio cha juu chenye sumaku, kinachoishika diski, akakikagua: hakigusi popote. Akaizungusha mota kwa kidole, laini. Halafu akausukuma ule mtambo mzima unaobeba mota na lenzi. Mtambo huo haufungwi moja kwa moja kwenye sanduku, unakalia raba laini kwenye pembe zake nne ili mtikisiko ufie hapo. Wangu ulicheza pembe tatu, ya nne ukagoma. Skrubu ilikuwa imekazwa mpaka raba imepasuka, chuma kinagusa chuma, na lile bati zito la kujivunia likawa linapokea kila mzunguko wa mota na kuutangaza sebuleni.

Kichwa cha skrubu hiyo kilikuwa kimechubuka. Wenzake watatu wazima. Na stika ya waranti ya duka, ile ya kukuzuia usifungue, chini yake kulikuwa na mabaki ya stika nyingine.

Mtasema waliifungua ilipokuwa kwao. Huenda, na stika wakabandika nyingine. Lakini ilivuma tangu siku ya kwanza, nami niliuziwa kama mpya, ndani ya boksi. Nani aliikaza? Kiwandani? Mtu aliyekuwa nayo kabla yangu? Sina ushahidi, sitamwita mtu mwizi kwa sababu ya skrubu. Nafsi yangu lakini inajua inachojua.

Fundi alichokora debe lake la deki zilizokufa, akapata raba za kipimo kile, akabadilisha zote nne ili zilingane ulaini, akazikaza kidogo tu. Alichonitoza hakifiki bei ya SACD mbili.

Na sasa niseme jambo linalonikera kulisema: deki ni nzuri mno. Ganuni inaanza, na kati ya uzi mmoja na mwingine hakuna kitu, unasikia hadi mpigaji anavyovuta pumzi. Nimerudia diski nilizodhani nazijua. Kwa hiyo inunueni, pesa yake inaonekana.

Hapana, ngojeni. Nilipompigia yule kijana kumweleza kilichopatikana, akanijibu kwamba kwa kuwa nimeifungulisha nje, waranti imekufa. Waranti ya stika ya pili! Basi narudi nilipoanza: msinunue, walau si hapo. Ukiikuta kwingine, kabla hujalipa mwambie muuzaji azime feni na amplifaya, aweke CD ya kiwandani, wimbo wa kwanza, mkae kimya nyote. Kisha omba tochi uangalie vichwa vya skrubu, chini na nyuma.

Barua yangu ya madai nimeipeleka kwa meneja wao. Nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri huo ndiyo huduma pekee niliyopewa pale bila kuulizwa habari za mume.