Mwaka mmoja na nusu wa kuuza vikoi kwa kamisheni: uzoefu wangu

Ninauza vikoi kupitia tovuti yangu ndogo nikiwa Mombasa, na kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikilipia huduma ya kusimamia washirika wa mauzo, yaani watu wenye wafuasi mtandaoni ambao kila mmoja hupewa kiungo chake, na akileta mteja hupata kamisheni. Wazee wa sokoni wangeuita udalali tu, nao wangekuwa sahihi, kwa kuwa karibu kila tatizo nililokutana nalo ni lile la tangu zamani kati ya dalali na mwenye mali.

Kilichonivutia ni kwamba silipi kamisheni mpaka oda iingie. Matangazo niliyozoea kuyaweka kwenye mitandao yalikata fedha kila mtu alipobofya, anunue asinunue. Katika miezi mitatu ya kwanza niliandikisha washirika 31 wakaniletea oda 140, na kati ya hizo 52 zililetwa na dada mmoja tu anayeandika kuhusu safari za pwani, ambaye wasomaji wake wengi wako Nairobi na wasingenijua kwa njia nyingine. Kwa huyo sijawahi kuona uchungu wa kulipa.

Uchungu ulianza nilipokaa na daftari. Kikoi kimoja nakiuza shilingi 1,500, na mpaka kimefungwa tayari kwa safari kimenigharimu 950, kwa hiyo ninabaki na 550. Kamisheni ya asilimia 10 inachukua 150, na punguzo la asilimia 10 ambalo mshirika huwapa wafuasi wake linachukua 150 nyingine, maana huduma hii hukokotoa kamisheni kwenye bei kamili hata mteja akilipa pungufu. Zinabaki 250, na hapo sijamlipa mtu wa bodaboda.

Baya zaidi, sehemu ya fedha hiyo ilikuwa ikilipwa kwa kazi ambayo hakuna aliyeifanya. Mama mmoja ambaye hununua kwangu kila Ramadhani alionekana kwenye mfumo kama mteja wa kijana fulani. Nilimpigia simu kumuuliza kama wanajuana, akanijibu, "Mwanangu, huyo simjui. Nimeona pale pa kulipia pameandikwa weka namba ya punguzo, nikaitafuta Google nikaipata." Namba za washirika zilikuwa zimevuja kwenye kurasa za kukusanya punguzo, na kwa kuwa mfumo humpa kamisheni yote mshirika ambaye kiungo au namba yake ndiyo ya mwisho kutumiwa na mteja, mteja aliyekwisha kuamua kununua alinigharimu mara mbili.

Kisha kuna wizi wa wazi. Wateja wangu wengi hulipa wanapopokea mzigo, lakini huduma huhesabu mauzo tangu oda inapowekwa. Mshirika mmoja alileta oda 14, na 11 kati ya hizo zilikataliwa mlangoni. Kamisheni ilikuwa imekwisha kuingia kwenye M-Pesa yake, na kitengo cha msaada kilinijibu baada ya siku tisa kwamba nizungumze naye mwenyewe. Hata wakubwa hawakusalimika na mambo ya namna hii: mwaka 2014 mahakama ya Marekani iliwafunga washirika wawili wa soko la mtandaoni la eBay waliokuwa wakipandikiza vidakuzi, yaani vijifaili vinavyouwezesha mfumo kukumbuka nani alimleta mteja, kwenye kompyuta za watu ambao hawakubofya chochote, ili ununuzi wa baadaye wa watu hao uhesabiwe kuwa umeletwa na washirika hao wawili.

Kidakuzi changu kilikuwa kikidumu siku 30, nami nimekishusha hadi 7, ambazo bado ni nyingi ukilinganisha na saa 24 za kawaida za Amazon, waliouanza mpango wao wa washirika mwaka 1996. Nimeondoa namba zote za punguzo, na kamisheni nimeipunguza hadi asilimia 7. Nakiri kwamba hilo la mwisho liliwaudhi watu, na walikuwa na haki, kwa sababu mshirika hujenga kazi yake juu ya kiwango ambacho muuzaji anaweza kukibadilisha usiku mmoja. Amazon walifanya vivyo hivyo Aprili 2020, waliposhusha kiwango cha samani kutoka asilimia 8 hadi 3.

Jambo jingine ambalo huduma hainifanyii ni kodi. Tangu sheria ya fedha ya mwaka 2023, kamisheni za namna hii nchini Kenya hukatwa asilimia 5 kabla ya kumfikia mshirika mkaazi, na hesabu hiyo naifanya mwenyewe kwa mkono.

Sasa nimebaki na washirika sita, akiwemo yule dada wa safari, na ninaendelea kulipia. Ninatoa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku watakapoweka kitufe cha kushikilia malipo mpaka mzigo upokelewe, ombi ambalo nimewaandikia mara mbili.