Altrasaundi ya Mbuyuni, Moshi: walikataa hela yangu

Jumanne nilimpeleka mama kituo kimoja kidogo cha altrasaundi huku Mbuyuni, sio kwa shida ya tumbo, nilienda kuulizia kichwa. Mama ana miaka 74, anasahau sana, siku hizi ananiita kwa jina la mdogo wake marehemu na inaniuma. Sasa kuna sehemu nyingine hapa mjini waliniambia nipeleke laki tatu na nusu wamfungulie ubongo kwa mawimbi ya sauti, nikawa nimeshaongea na mtu wa kununua ng'ombe.

Dada wa mashine akampa mama shikamoo yake, akamkalisha vizuri, akaniuliza hiyo hela umeshatoa? Nikasema bado. Akasema kaka yangu usitoe, hii mashine ni ya kuangalia mtoto na figo, mawimbi yakifika kwenye fuvu mfupa unayanyonya na kuyapindisha.

Kitu chenyewe kipo kweli ila sio hivyo wanavyouza. Alinieleza taratibu bila haraka, kwamba mishipa ya ubongo kuta zake zimebanana mno hivyo dawa nyingi hazipenyi, kwa hiyo wanasayansi wanaingiza kwenye damu viputo vya gesi vidogo kama chembe nyekundu za damu, wanalenga mawimbi sehemu moja tu, viputo vinatanuka na kusinyaa mpaka ukuta unaachia kidogo, halafu baada ya masaa unajifunga wenyewe. 2001 walionyesha kwa sungura. 2012 watafiti wa Boston wakatoa majibu ya kima wa Asia wanaoitwa rhesus (sio hawa mbega wetu wa mlimani), wakawafungulia kuta hizo mara nyingi, tena sehemu za ubongo zinazohusika na kuona, wakawapima macho kwa kazi waliyowafundisha na hawakukuta uwezo umepungua. Niliwaonea huruma wale wanyama, lakini bila wao nani angethubutu kumwekea mama yangu?

Kwa binadamu wa kwanza bila kutoboa fuvu ilikuwa Toronto, Kanada, 2015, mgonjwa wa uvimbe wa ubongo. 2018 wakatoa majibu ya watu 5 wenye Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu), na hapo walikuwa wanaangalia usalama, sio kurudisha kumbukumbu. Kofia anayovalishwa mgonjwa ina vitoa mawimbi 1,024 na anakuwa ndani ya MRI, ile mashine kubwa ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili.

Mwisho akatuandikia tukapime presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, maana hivyo navyo vinavuruga kumbukumbu na vinatibika. Nikatoa hela, akakataa, akasema sijapima kitu.

Kasoro ni benchi moja na foleni, tulikaa masaa mawili na wazee wanasimama, waongeze viti jamani. Nendeni kabla ya saa mbili asubuhi, na kama una mzazi anayesahau muulizeni yule dada kabla hamjauza kitu.